Laxton: Kijiji Ambacho Mashamba Yake Hayana Ua

Kila mkulima wa nchi yetu alijua neno eka. Anaponunua shamba, anapolipima, au anapogombania mpaka na jirani yake, hesabu yake ni ya eka. Walakini ni wachache waliopata kujiuliza neno hili lilitoka wapi, na kwa nini eka moja iwe yadi 4,840 za mraba, wala si 4,000 au 5,000, hesabu ambayo hata mtoto wa shule angeishika upesi. Jibu laweza kuonekana ardhini katika kijiji kidogo cha Uingereza kiitwacho Laxton, katika jimbo la Nottinghamshire, si mbali na mji wa Newark. Leo tutakizuru kijiji hicho na kuyatazama mambo yake ya kale.

Tuanze katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Ndani yake wamelazwa, kwa sanamu, mabwana wa zamani wa kijiji, watu wa ukoo wa Everingham. Mmoja wao, Adam, aliyefariki mwaka 1341, ana sanamu yake pamoja na za wake zake wawili aliowaoa mmoja baada ya mwingine. Mke wa kwanza amechongwa kwa jiwe, na wa pili kwa mti wa mwaloni. Mti huo umedumu karibu miaka mia saba bila kuliwa na mchwa, jambo ambalo sisi wa nchi za joto hatuna budi kulionea wivu.

Kaskazini ya kanisa, mwendo mfupi tu, kuna kilima kilichofunikwa na majani. Mgeni hudhani kuwa ni kilima cha kawaida, kumbe kilijengwa kwa mikono ya watu. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, akawagawia wafuasi wake ardhi za wenyeji. Laxton ilimwangukia Geoffrey Alselin, na jina la kijiji limo katika kitabu cha hesabu ya nchi kilichoandikwa mwaka 1086. Hapo ndipo ilipojengwa ngome ya mabwana wa kijiji, ambao ndio waliokuwa walinzi wa msitu wa mfalme. Ngome yenyewe imetoweka. Uliobaki ni udongo ambao wanakijiji waliuchimba na kuurundika, nao hawakuchongewa sanamu kanisani.

Sasa tushuke barabarani. Hapa msomaji na aangalie sana, kwa maana nyumba za wakulima zote zimejipanga kijijini, pande mbili za njia, wala hazikutawanyika mashambani. Sababu ni kwamba hakuna mkulima mwenye shamba lake lote mahali pamoja. Ana kipande huku, kingine kule, na kingine ng'ambo ya kijiji. Angejenga wapi? Katikati ya kijiji pana pia zizi dogo la zamani. Humo ndimo mnyama aliyekamatwa akila mazao ya watu alimofungiwa mpaka mwenyewe aje kulipa faini.

Haya yote ni mazuri kutazama, lakini hazina ya Laxton ni mashamba yenyewe. Yako matatu makubwa: Shamba la Magharibi, Shamba la Kusini na Shamba la Kinu. Kila moja limegawanywa katika vipande virefu vyembamba, na kati ya kipande na kipande hakuna ua, wala ukuta, wala waya. Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ya kati ililimwa hivyo.

Urefu wa vipande hivyo ulitokana na plau. Plau ya kale ilikuwa nzito, ikikokotwa na maksai wengi, na kuwageuza maksai wote hao mwishoni mwa mfuo kulikuwa kazi kubwa. Kwa hiyo mkulima alikwenda mbele kadiri maksai walivyoweza kabla ya kupumzika, nao ni mwendo wa yadi 220. Upana ulikuwa yadi 22. Zidisha 220 kwa 22, nawe utapata 4,840. Hiyo ndiyo eka, yaani kazi ambayo maksai walikadiriwa kuimaliza kwa siku moja.

Kuhusu kutawanyika kwa vipande, wataalamu wamebishana sana. Wengine husema kuwa shabaha ilikuwa haki, ili kila mtu apate sehemu ya udongo mzuri na sehemu ya udongo mbaya. C. S. Orwin, mtaalamu wa Oxford aliyeandika pamoja na mkewe kitabu juu ya mashamba haya mwaka 1938, aliona kuwa mpango huo ulizaliwa na kazi ya plau yenyewe: walilima pamoja, siku hadi siku, na kila aliyeshiriki alipewa kipande kwa zamu. Nadhani sababu zote mbili zaweza kuwa kweli, kwa kuwa desturi iliyozaliwa na kazi haikosi kushikwa zaidi watu wakiona kuwa ina haki ndani yake.

Mashamba hulimwa kwa zamu ya miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ni ngano, wa pili ni mazao mengine kama shayiri au maharagwe, na wa tatu ardhi hupumzishwa. Siku hizi shamba la mapumziko huoteshwa majani ya mifugo.

Sasa, pasipo ua, ni nani alindaye mpaka? Mkulima akiendesha trekta yake ajivutie futi mbili za njia ya wote, nani atamwambia? Hapo ndipo tunapofikia jambo ambalo haliwezi kupigwa picha. Laxton ina baraza lake la kale. Mwisho wa mwezi wa Novemba wazee kumi na wawili walioapishwa, wote wakulima, hulizunguka shamba lililopandwa ngano. Hukagua mitaro, njia, na sehemu za majani ambazo haziruhusiwi kulimwa. Wakimwona mtu amepita mpaka, hupiga kigingi mahali panapostahili. Juma lifuatalo baraza hukutana katika kilabu cha kijiji, na mkosaji hutozwa faini. Fedha yenyewe ni kidogo. Kinachouma ni kutajwa mbele ya majirani. Tena mzee aliyepiga vigingi asubuhi aweza kujikuta yeye mwenyewe katika orodha ya wakosaji jioni.

Vijiji vingine vilipotewa na mambo haya kwa sheria. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi ua, zikihusu eka milioni 6.8. Vipande vilikusanywa, kila mwenye haki akapewa shamba moja. Mavuno yaliongezeka katika sehemu nyingi, hilo halikanushiki. Lakini maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja, akimlisha katika malisho ya wote kwa desturi tu, bila hati yoyote, mara nyingi hakupata kitu. Wengi wa namna hiyo waligeuka vibarua.

Laxton haikuguswa yote. Yasemekana wenye ardhi wakubwa wawili wa kijiji, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, hawakuweza kupatana juu ya mgawanyo, na ugomvi wa wakubwa ukawa ndio salama ya wadogo. Hata hivyo kijiji hakikubaki kama kilivyokuwa. Ramani iliyochorwa na Mark Pierce mwaka 1635, ambayo imehifadhiwa Oxford, yaonyesha vipande vingi mno, pamoja na picha ndogo za watu wakilima na kuvuna. Mwanzoni mwa karne ya ishirini vipande viliunganishwa vikawa vichache na vipana zaidi.

Mwaka 1952 serikali ilikinunua kijiji kwa Earl Manvers ili mashamba hayo yasipotee. Mwaka 1981 yalihamishiwa idara iangaliayo mali ya Taji, na mwaka 2020 yakauzwa tena, yakarudi kwa milki ya Thoresby, iliyo ya warithi wa ukoo ule ule wa Manvers. Wenye ardhi wamebadilika mara tatu, na wakulima wamebaki kuwa wapangaji. Baraza halikuvunjika. Kila mwaka, kabla ya mkutano kufungwa, wazee kumi na wawili wengine huapishwa, na shamba watakalolikagua ni lile litakalopandwa ngano msimu ujao.