Dawa ya mbu isituharibie kisima

Mafia ndiko mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulikoanza kugawa dawa, mwaka 2000: Mectizan na albendazoli, mara moja kwa mwaka. Dawa hizo huua watoto wa minyoo walioko kwenye damu, lakini minyoo wakubwa wengi hubakia, nao huishi miaka kadhaa. Kwa hiyo suala la mbu halikwepeki. Hapo ndipo watu wa Bweni na vijiji vingine vya pwani wanapopaswa kupima: njia ipi inaangamiza mbu bila kuacha madhara mengine nyuma yake?

Wapo wanaomwaga mafuta machafu ya gari chooni. Mbu kweli hufa. Lakini ardhi ya mchanga hupitisha kila kitu, na mafuta hayo yanaweza kufika kisimani, kwenye maji yale yale ya kunywa na kutilia udhu. Nani atasema amejitibu?

Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 ilijaribiwa njia nyingine. Juu ya maji ya vyoo vya shimo zilimwagwa chembe nyeupe nyepesi za plastiki, jamii ya ile ya maboksi ya kuwekea samaki na barafu. Zikatanda, viluwiluwi wakakosa pumzi, na mbu wakakosa pa kutagia. Watu nao walipewa dawa. Kabla ya hapo karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na vimelea. Miaka michache baadaye walibaki wachache sana, bila dawa kurudiwa kila mwaka. Chembe hizo hazina sumu ya kuua wadudu, na hudumu miaka mingi.

Je, tuzimwage kila mahali? La. Plastiki haiozi. Choo kinachofurika masika kitazitoa hadi pwani, kasa na samaki wazile. Zinafaa shimo lenye maji, lililofunikwa, lisilofurika. Tena mbu wa malaria nao hubeba matende, na hao hawazaliani chooni. Kwao dawa ni chandarua. (Kilichotiwa dawa kisifuliwe baharini wala kwenye madimbwi, maana sumu yake ni kali kwa samaki, na kikichakaa kisiende kukokota dagaa!)

Aliyekwisha kuvimba mguu auoshe kila siku kwa sabuni na maji safi, aukaushe vizuri katikati ya vidole, na auinue anapokaa. Hivyo homa na maumivu ya mara kwa mara hupungua. Mwenye busha aende hospitali ya wilaya, Kilindoni, akaulizie upasuaji.