SOMO LA WIKI: Uduvi wa ziwani kwa tangi la kioo – hesabu walio hai, si waliovuliwa

Katika masoko ya Kanda ya Ziwa, uduvi ni bidhaa ya gunia. Huingia katika nyavu za wavuvi wa dagaa, huanikwa pamoja na dagaa, na sehemu kubwa huishia katika chakula cha kuku na samaki. Kwa upande wa Kenya wengi humwita ochonga. Bei yake hupimwa kwa kilo, na mfanyabiashara hajali kama mmoja amevunjika mguu au amekatika mkia.

Lakini uduvi huyo huyo ana soko la pili, nalo ni dogo sana kuliko hilo la kwanza: soko la wafugaji wa samaki wa mapambo, wanaomtaka akiwa hai katika tangi la kioo sebuleni. Huko huuzwa mmoja mmoja. Tofauti hiyo ya kipimo ndiyo huwavuta watu wenye mtaji mdogo kuingia katika shughuli hii kwa pupa. Somo la wiki hii linaeleza jinsi ya kumkusanya uduvi wa porini, na mahali ambapo hesabu ya biashara hii hupotea.

UNAMKUSANYA NANI?

Uduvi wa kawaida wa Ziwa Victoria anajulikana kwa wataalamu kama Caridina nilotica. Ni mdogo, hazidi sana sentimita mbili na nusu, na mwili wake unapenya mwanga. Makoleo yake ni mafupi, na nchani yana manyoya kama ya brashi ambayo hutumia kukwangua ukungu wa kijani juu ya mawe na majani. Hawezi kumdhuru samaki mzima. Sifa hiyo ya kusafisha tangi ndiyo thamani yake kubwa kwa mnunuzi.

Uduvi huyu ana nafasi kubwa katika uchumi wa ziwa. Baada ya sangara kuletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na idadi yake kulipuka miaka ya 1980, samaki wadogo wa asili walipungua vibaya. Uduvi akaongezeka, akawa chakula kikuu cha sangara wachanga. Kwa hiyo anayemvua uduvi anagusa pia chakula cha samaki anayeuzwa nje ya nchi.

Usimchanganye na kamba wa mtoni mwenye makoleo marefu, aina ya Macrobrachium, anayepatikana katika mito inayoingia Bahari ya Hindi. Huyo ni mkubwa na hula nyama. Ukimweka na samaki wadogo usiku, asubuhi utakuta wamepungua. Aidha, wachanga wake huhitaji maji yenye chumvi ya mlango wa mto ili wakue. Mtu anayetarajia wazaliane katika tangi la maji baridi atasubiri bila mafanikio.

Ziwa Tanganyika lina uduvi wake wenyewe, wakiwamo wa jenasi ya Limnocaridina, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Maji ya ziwa hilo yana magadi mengi, kipimo chake cha pH kikikaribia 9. Uduvi aliyetoka humo akitumbukizwa katika maji laini ya mvua hufa, hata kama tangi ni safi na limependeza.

VIFAA NA UKUSANYAJI

Mtaji wa vifaa si mkubwa. Kinachohitajika ni wavu wa mkono wenye matundu madogo na mpini mrefu, ndoo mbili zenye vifuniko, mifuko ya plastiki imara, na sanduku la kuhifadhi ubaridi. Uduvi hupenda kujificha kwenye majani yaliyozama, mizizi ya mafunjo na mizizi ya magugu maji. Pitisha wavu taratibu chini ya mizizi, uinue, kisha umimine ndani ya ndoo yenye maji ya ziwa hilo hilo.

Yapo makosa matatu ambayo huharibu kazi tangu mwanzo.

Kwanza, ni kutumia chandarua cha mbu kama wavu. Mbali na kwamba uvuvi wa chandarua umekatazwa, vyandarua vingi vimewekwa dawa ya kuua wadudu, na uduvi ni jamaa wa karibu wa wadudu. Kiasi kidogo cha dawa hiyo kisichomdhuru samaki humwua yeye. Vivyo hivyo ndoo iliyowahi kubeba dawa ya kunyunyizia pamba au nyanya haifai kabisa, hata ikioshwa.

Pili, ni kuingia majini miguu mitupu. Kingo zenye majani ndizo makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, na ndipo mamba hujificha. Vua ukiwa juu ya gati au ndani ya mtumbwi, na ikibidi kukanyaga maji vaa mabuti marefu ya mpira. Gharama ya kutibiwa ni gharama ya biashara, hata kama haikuandikwa katika daftari.

Tatu, ni kubeba kila kilichomo wavuni. Watoto wa kerengende, ruba na konokono husafiri pamoja na uduvi. Mtoto mmoja wa kerengende akiachwa katika tangi hula uduvi mmoja baada ya mwingine bila mwenyewe kujua. Mimina mavuno katika sahani nyeupe na uchambue papo hapo ziwani. Rudisha walio wadogo mno, na usichukue majike wote wenye mayai chini ya tumbo.

SAFARI NA MAKAZI MAPYA

Vifo vingi hutokea kati ya ziwa na nyumba. Mfuko ujazwe maji theluthi moja, na theluthi mbili zilizobaki ziwe hewa. Kama oksijeni inapatikana, ni bora zaidi. Weka kipande cha wavu safi au jani la majini ndani ili uduvi apate pa kushika. Usiwasonge. Mfuko ukae kivulini, ndani ya sanduku, na usiwalishe njiani, kwa kuwa uchafu wao utachafua maji machache waliyo nayo.

Tangi linatakiwa liwe tayari kabla ya safari, si baada yake. Maji mapya kabisa hayana bakteria wa kuondoa sumu ya amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Bakteria hao huchukua muda wa wiki nne hadi sita kujijenga katika kichujio na changarawe. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku moja au mbili, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kichujio kifunikwe kwa sponji ili kisiwanyonye wadogo.

Uduvi asimwagwe moja kwa moja. Muweke katika chombo pamoja na maji aliyokuja nayo, kisha udondoshe maji ya tangi tone kwa tone kwa muda wa saa moja au mbili. Chakula chake ni ukungu wa kijani, majani yaliyooza na kipande kidogo cha mchicha uliochemshwa. Dawa za samaki zenye shaba zisitumike kamwe katika tangi lake, kwani shaba ni sumu kwake.

HESABU YENYEWE

Tuchukue tarakimu za kufundishia. Tuseme nauli, mtumbwi, mifuko na barafu vimegharimu Sh. 20,000, na umekusanya uduvi 200. Kila mmoja amekugharimu Sh. 100. Mnunuzi anatoa Sh. 150. Kwa haraka haraka unaona faida ya Sh. 10,000.

Tuseme sasa 40 wamekufa njiani. Waliobaki ni 160, na kila mmoja amefikia Sh. 125. Katika wiki mbili za kwanza wanakufa wengine 60 kwa mshtuko wa kubadilishiwa maji. Wamebaki 100, na gharama ya kila mmoja ni Sh. 200. Ukiuza wote kwa Sh. 150 unapata Sh. 15,000. Umepata hasara ya Sh. 5,000, na bado hujahesabu umeme, chakula wala siku zako za kazi.

Wapo watakaojibu kwamba dawa yake ni kuuza siku ile ile ya kuvua, ili vifo viwe vya mnunuzi. Hilo huwezekana mara moja. Soko la samaki wa mapambo ni la watu wachache wanaofahamiana, na mteja ambaye uduvi wake wamekufa wote ndani ya siku tatu harudi, na huwaambia wenzake. Kinachouzwa hapa ni uhakika kwamba uduvi ataishi. Kwa sababu hiyo muuzaji makini huwaweka karantini si chini ya wiki mbili, na bei yake huipanga kwa idadi ya waliobaki.

MAFUNZO KUTOKA MBALI

Soko la dunia linatoa mifano mitatu ya kuzingatia.

Wa kwanza ni wa Japani. Mpiga picha na mtengenezaji wa matangi ya mimea, Takashi Amano, alimpa umaarufu katika miaka ya 1980 uduvi anayeitwa sasa Caridina multidentata, kwa kazi ya kula ukungu. Wachanga wa uduvi huyo huhitaji maji ya chumvi, hivyo kumzalisha nyumbani ni kazi ngumu. Matokeo yake ni kwamba soko lake liliendelea kutegemea wavuvi.

Wa pili ni uduvi mwekundu wa Asia ya Mashariki, Neocaridina davidi. Huyu huzaa watoto waliokamilika katika maji baridi ya kawaida. Kila mfugaji huweza kumzalisha, na kwa hiyo wanaovua hawawezi kushindana na wanaofuga. Uduvi wetu wa rangi ya maji hawezi kumshinda kwa sura katika duka la nje. Anayefikiria kusafirisha nje ajue mapema kwamba huyo ndiye mshindani wake.

Wa tatu ni wa tahadhari. Katika Ziwa Matano, kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, kuna uduvi mwekundu mwenye madoa meupe, Caridina dennerli, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2009. Wafugaji wa nchi nyingi walimgombania. Leo amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini mno kutoweka. Sababu si uvunaji peke yake, kwani wapo pia samaki wageni walioingizwa ziwani humo. Lakini kiumbe mwenye makao mamoja tu duniani hana akiba, na mfanyabiashara wa uduvi wa Tanganyika anapaswa kulikumbuka hilo.

SHERIA NA SIFA YA ZIWA

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na Kenya inayo sheria yake ya mwaka 2016. Kukusanya wachache kwa ajili ya tangi lako na kukusanya kwa biashara ni mambo mawili tofauti. Kabla ya kutoa hata senti moja ya mtaji, fika ofisi ya uvuvi ya wilaya na uongozi wa BMU wa mwalo husika, uulize leseni na maeneo yaliyofungwa. Anayesafirisha viumbe hai kuvuka mpaka atahitaji pia kibali na cheti cha afya.

Anayedhani haya ni urasimu mtupu akumbuke mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Waliotumia sumu walikuwa wachache, lakini viwanda na wavuvi waaminifu waliumia pamoja nao.

Aidha, usirudishe ziwani uduvi aliyekaa na viumbe wengine tangini, wala usiachie wageni mtoni. Kamba mwekundu wa Marekani aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970. Alivuliwa na akaleta fedha, lakini pia alikula mimea ya majini ya ziwa hilo, na hakuna aliyeweza kumwondoa.

USHAURI KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Usianze na safari ya uduvi 200. Anza na 20, katika tangi moja lililokomaa. Andika katika daftari idadi ya walio hai kila Jumamosi kwa wiki nne. Ikiwa wamebaki 16 au zaidi, na majike wanabeba mayai, unayo biashara ya kufikiriwa. Ikiwa wamebaki wanane, tatizo liko kwenye usafiri au maji yako, na kuongeza mtaji kutaongeza vifo tu.

Bei ya kumwambia mnunuzi itokane na daftari hilo. Gawa gharama zote kwa idadi ya waliobaki siku ya ishirini na nane, ndipo uongeze faida yako. Mnunuzi akiona bei hiyo ni kubwa mno, ni heri umjue mapema kabla hujalipa nauli ya safari ya pili.