Kubana Mdomo wa Ganda la Risasi: Somo la Msuguano na Unyumbufu

Risasi ya bastola ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ganda hufanywa kwa aloi yenye shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Huko Marekani, walengaji wengi hujaza upya maganda yaliyokwisha kutumika, na hatua ya mwisho ya kazi hiyo ni kubana mdomo wa ganda.

Kwa nini mdomo hubanwa?

Kabla ya kutiwa kichwa, mdomo hutanuliwa kidogo ili kichwa kiingie bila kukwaruzwa. Utanuzi huo ukiachwa, risasi hukwama isiingie barabara katika chemba. Kubana, basi, ni kuurudisha mdomo katika unyofu wake.

Mdomo kama kituo

Risasi ya milimita 9 iliyobuniwa na Georg Luger wa Austria mwanzoni mwa karne ya 20 ina ganda la urefu wa milimita 19.15, na kipenyo cha mdomo ni milimita 9.65. Kitako chake hakina ukingo uliojitokeza. Ganda husimama katika chemba kwa ncha ya mdomo wake. Mdomo ukikunjwa mno kwa ndani, ganda hupita kituo chake, na pini huenda isiigonge fataki kwa nguvu ya kutosha.

Nini hukishika kichwa?

Wengi hudhani ni ule mbano wa mwisho. Sivyo. Ukuta wa ganda, uliotanuliwa na kichwa, hutaka kurudi katika kipenyo chake cha awali. Kani hiyo ya unyumbufu huzaa msuguano unaokishika kichwa. Mbano ukizidi, ganda na kichwa hubonyea pamoja. Kani ikiondolewa, ganda hutanuka tena kidogo, lakini kiini cha kichwa, ambacho ni metali laini ya risasi, hubaki kimebonyea. Hivyo kukaza kupita kiasi huleta kulegea.

Kichwa kilicholegea, kikigonga mteremko wa kuingilia chemba, husukumwa ndani ya ganda. Mjao ulio nyuma yake hupungua, na baruti iwakapo kanieneo hupanda kupita kadiri. Ganda laweza kupasuka na kumjeruhi mpigaji.

Katika rivolva mambo ni kinyume. Ganda lake huwa na ukingo kitakoni, kwa hiyo mdomo waweza kukunjwa ndani ya mfereji uliochongwa katika kichwa. Mkunjo huo wahitajika: silaha inaporuka nyuma, vichwa vya risasi zilizosalia, kwa sababu ya inesha, huelekea kubaki mahali pake. Vikichomoka vya kutosha, huzuia silinda kuzunguka.

Maswali

1. Kwa nini ganda la rivolva laweza kukunjwa mdomo bila kupoteza kituo chake?
2. Tofautisha unyumbufu wa aloi ya ganda na wa metali ya risasi.
3. Eleza uhusiano wa mjao na kanieneo katika ganda ambalo kichwa chake kimesukumwa ndani.