Ubao wa Mteremko kwa Mbwa Aliyeumia Mguu

Hapa Jinja si ajabu mbwa kugongwa na bodaboda akavunjika mguu wa nyuma. Mfupa ukisha kuunga, pengine huendelea kuchechemea, na wenyewe husema hafai tena kulinda boma, heri afukuzwe. Mimi nasema asifukuzwe kwanza. Mara nyingi kilichobaki ni unyonge wa misuli, na ubao mmoja waweza kumsaidia.

Sababu ni hii. Mbwa akisimama mahali tambarare, karibu sehemu 60 katika 100 za uzito wake huwa juu ya miguu ya mbele. Basi mbwa wa kilo 20 huweka kilo 12 mbele na kilo 8 nyuma. Akiumwa mguu wa nyuma huzidi kuegemea mbele, na paja lisilofanya kazi hukonda. Lakini akipanda mteremko, uzito hurudi nyuma, na misuli ya mapaja hulazimika kumsukuma. Akishuka, miguu ya mbele ndiyo hubeba zaidi.

Kwanza, daktari wa mifugo athibitishe kwamba mfupa umeunga. Kabla ya hapo mteremko ni hatari.

Pili, twaa ubao mpana wa mita 2, uuegemeze imara kwenye baraza yenye kimo cha sentimita 30. Upigilie gunia juu yake ili mbwa asiteleze.

Tatu, mfunge kamba fupi, apande na kushuka polepole, akikanyaga kwa miguu yote minne. Akikimbia, huuinua ule mguu mbovu, na kazi ni bure.

Nne, anza kwa dakika 2 au 3, asubuhi na jioni, ukiongeza kidogo kila juma. Akichechemea zaidi siku ya pili yake, mpumzishe, kisha upunguze.

Tano, kila Jumapili pima mapaja yote mawili kwa uzi. Tofauti ikipungua, jua kwamba misuli inarudi.

Walio Mbale, chini ya mlima Wanale, hawana haja ya ubao, maana njia zao nyingi zina mteremko. Wachague ulio mpole, usio na mawe. Mjomba wangu huko alimtembeza mbwa wake hivyo majuma mengi, na sasa analinda kuku kama zamani.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye mbwa kiwete na ajaribu kabla ya kumfukuza.