Mwenye Madeni na Wakili Wake

Mtu aliyeshindwa kulipa madeni yake mara nyingi hujificha. Huhama nyumba usiku, hukopa kwa mmoja ili amlipe mwingine, na kila mkopo mpya hulikaza tanzi. Yamfaa aende kwa wakili mapema.

Wakili mwema hatamkemea. Atamwambia aandike kila anachodaiwa na kila alicho nacho. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa ni rahisi kutaja madeni kuliko kumtaja ng'ombe aliyepelekwa kwa shemeji juma lililopita. Ng'ombe huyo akifichwa, aweza kuharibu shauri lote.

Katika Kenya, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 imemwekea njia mtu asiye na mali ya kuuzwa, ambaye madeni yake hayapungui Shs. 100,000/- wala hayazidi Shs. 4,000,000/-. Humwomba Msimamizi Rasmi wa mambo ya ufilisi, naye akimkubali, wadai hawaruhusiwi tena kumshika kwa madeni yale, na miezi 12 ikipita hufutwa. Fedha za matunzo zilizoamriwa na mahakama hudaiwa vile vile. Aliyeficha mali hakubaliwi, wala aliyepata kufilisiwa zamani. Yaani mlango huu hufunguliwa mara moja tu.

Mwenye mali hupitia mahakamani, na mali yake hugawiwa wadai. Hata hivyo fundi huachiwa vyombo vya kazi yake kwa kiasi, na kwa kawaida kifungo cha ufilisi humwondokea baada ya miaka 3 tangu alipotoa hesabu ya mambo yake.