Wasio na Majina Kwenye Filamu



Masomo ya kutafakari: Isaya 43:1, Yohana 10:1-5

Wapendwa vijana, juzi usiku niliangalia filamu ya zamani, The African Queen, iliyotoka mwaka 1951. Niliitafuta kwa sababu inatugusa: hadithi yake ni ya mwaka 1914, Afrika Mashariki ya Kijerumani, na meli ya kivita iliyomo humo watu huihusisha na Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Ndiyo hiyo hiyo Liemba yetu.

Filamu inaanza kanisani. Mmisionari na dada yake wanaongoza wimbo, waumini Waafrika wanaimba ovyo, kelele tupu. Nikacheka. Halafu nikashtuka: kwani hao ninaowacheka si ndio babu zetu waliopokea imani? Muda si mrefu askari wanachoma kijiji, na wanakijiji wale hatuwaoni tena. Hawakuwa na majina, na hatuambiwi waliishia wapi. Hadithi inaendelea na Wazungu wawili na mashua yao.

Sisemi ni dhambi kuiangalia. Ila sikilizeni hili. Mwaka ule ule wa 1951, Karema, hapa hapa mkoani Katavi, alikuwa bado hai mzee Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, kisha akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, akawa daktari na katekista, akaoa hapa, na hakuondoka mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka zaidi ya 60 ya kutibu watu na kufundisha imani kando ya ziwa!

Kwa hiyo wakati dunia inaoneshwa Waafrika wasiojua hata kuimba, Mwafrika aliyefanya kazi ya Mungu kwenye ziwa hilo alikuwepo. Kamera ilikuwa inaangalia kwingine tu.

Nilitaka niishie hapo, niwalaumu watu wa Hollywood, nilale. Roho ikanikatalia. Nilipokuwa sekondari tulisoma na kijana kutoka Katumba, ambaye familia yake ilikimbia Burundi mwaka 1972. Alizaliwa Mpanda kama mimi. Miaka yote tulimwita "Mrundi", basi. Aliitika, akacheka na sisi. Leo nimejitahidi kulikumbuka jina lake la ubatizo, nimeshindwa. Jamani, mimi nami nilitengeneza filamu yangu, nikamweka pembeni.

Isaya anatuambia kwamba Mungu ametuita kila mmoja kwa jina. Yesu, Mchungaji Mwema, anafanya vivyo hivyo kwa kondoo wake. Kumnyima mtu jina ni kumwona kama kundi, wakati Mungu anamwona yeye.

Zoezi la wiki
1. Kwenye kwaya, VIWAWA au jumuiya yako, nani mnamwita kwa kabila au kwa kijiji alikotoka? Muulize jina lake, ulitumie.
2. Ukiangalia filamu, jiulize: nani hajapewa nafasi ya kusema?

Tuombe: Ee Bwana, unayetujua kwa majina, utusamehe tuliowafanya wenzetu kuwa kivuli. Utupe macho ya kumwona kila mtu kama unavyomwona wewe. Amina.