Elimu Isiyofika Barabarani

Itazame motokaa iliyosimama njia panda huku injini ikinguruma. Haiendi popote, lakini mafuta yanaungua, fedha ya mwenyewe inapotea, na moshi wake unavutwa na mtoto aendaye shule kwa miguu. Je, yafaa Serikali itumie mali ya umma kuitafutia hasara hiyo dawa? Twajibu: yafaa, maana hewa ni ya wote, wala mfanyabiashara hataitunza pasipo faida. Lakini kuvumbua ni jambo moja, na kuwafikishia watu kilichovumbuliwa ni jambo jingine. Tujifunze kwa mfano wa Marekani.

Mnamo Septemba 1993 Rais Bill Clinton alitangaza mapatano baina ya Serikali yake na makampuni matatu ya magari: General Motors, Ford na Chrysler. Maabara za taifa na mainjinia wa makampuni walipewa kazi ya kubuni, katika muda wa miaka kumi hivi, gari la jamaa lenye nafasi na usalama wa kawaida, lakini liwezalo kwenda kilomita 34 hivi kwa lita moja, yaani mara tatu ya magari ya siku zile.

Kazi ilifanyika kweli. Mwaka 2000 kila kampuni ilionyesha gari lake la majaribio, nayo yote matatu yaliunganisha injini ya dizeli na mota ya umeme. Gari la namna hii lifungapo breki, mota hugeuka mtambo wa kuzalisha umeme. Umeme huo huwekwa katika betri, nao husaidia kuliondoa tena. Likisimama, injini huzimwa.

Walakini hakuna hata moja lililouzwa. Vifaa vyepesi vya kuliundia vilikuwa ghali. Injini ya dizeli, ijapokuwa haili mafuta mengi, ilitoa masizi na hewa chafu, hata ikawa shida kutimiza sheria mpya za moshi. Tena petroli ilikuwa rahisi miaka ile, nao wanunuzi wakapenda magari makubwa. Januari 2002 Serikali ya Rais George W. Bush iliufunga mpango huo, ikageukia utafiti wa magari ya hidrojeni.

Kumbe Toyota ya Japani, ambayo haikuwamo katika mapatano yale, ilikwisha kuanza kuuza Prius, gari la petroli na umeme, tangu Desemba 1997. Halikuifikia shabaha ya Marekani, lakini watu waliweza kulinunua. Leo magari ya namna hiyo, yakiisha kutumika Japani, huonekana hata Nairobi na Dar es Salaam.

Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini hakijiuzi kisipofika sokoni. Basi tushike mambo matatu. Kwanza, Serikali itoapo mali ya umma kwa utafiti, iulize tangu mwanzo nani atakinunua kitakachopatikana, na kwa bei gani. Pili, kupunguza mafuta na kusafisha moshi ni kazi mbili. Hapana budi ziende pamoja. Tatu, mnunuzi naye ana wajibu. Mzazi anunuapo gari, aulize linakula mafuta kiasi gani na linatoa moshi gani, kwani yule mtoto wa njia panda huenda akawa wake.